Sura kongwe ndani ya sekunde 30

Mwanafunzi akipewa kionjo (tangazo fupi) cha tamthilia ya runinga akichambue kwa nadharia ya arketipu, yaani zile sura kongwe za wahusika zinazojirudia tangu enzi za ngano, mara nyingi kazi yake huishia kwenye orodha. Huyu shujaa, yule mhalifu, huyu mama mlezi, yule mzee wa hekima, yule mwanamke mtego. Kila mtu kapewa cheo, daftari limefungwa. Mhakiki anayeisoma kazi hiyo husema, kwa haki kabisa, kwamba hapo hakuna kilichochambuliwa. Watu wamebandikwa majina tu. Kisha lawama inahama. Inamwacha mwanafunzi na kuiangukia nadharia yenyewe, kwamba haifai kwa tamthilia. Hapo ndipo ninapotofautiana na wahakiki wa aina hiyo.

Lawama yao ina uzito, na mfano wao bora ni Ken Barlow wa tamthilia ya Uingereza, Coronation Street. Mhusika huyo alikuwamo katika sehemu ya kwanza kabisa, Desemba 1960, akiwa kijana wa chuo kikuu anayeona haya kwa maisha ya nyumbani kwao. Mwigizaji yuleyule, William Roache, ameendelea kumwigiza kwa zaidi ya miaka 60. Katika miaka hiyo Ken amekuwa mume, mwalimu, baba, mwanamume asiye mwaminifu kwa mkewe, mjane, babu. Utamwekea arketipu ipi? Waliosoma fasihi wanamjua mhusika bapa, mwenye tabia moja isiyobadilika, na mhusika duara, mwenye tabia nyingi zinazobadilika. Tamthilia isiyokuwa na mwisho humfanya hata aliyeanza bapa awe duara, kwa sababu tu ameishi muda mrefu mbele ya macho yetu. Kumwita mtu wa namna hiyo "shujaa" au "mhalifu" ni kumdhulumu.

Nakubali, ila hoja hiyo inaihusu tamthilia, ilhali kilicho mezani ni kionjo. Kionjo ni utungo mwingine kabisa. Kina sekunde 30, pengine 60, na ndani yake kinapaswa kumshika mtu aliyekuwa anainuka kwenda jikoni. Hakina miaka 60 ya kumzungusha mhusika hadi awe duara.

Tazama kinavyofanya kazi. Mkono wa mwanamke unavua pete na kuiweka ukingoni mwa sinki. Mkato. Mlango wa gari unafungwa, tunaona viatu vya mwanamume vilivyong'arishwa, uso hatuuoni. Mkato. Mama mtu mzima ananyanyua macho polepole kutoka kwenye picha ya familia. Mkato. Mwanamke mwingine, midomo myekundu, anamtazama mtu aliye nje ya fremu. Sekunde 11 zimepita. Hakuna aliyetajwa jina. Lakini mtu ambaye hajawahi kuitazama tamthilia hiyo hata siku moja tayari ana mke aliyechoka, mume mwenye siri, mama anayejua mambo na mwanamke aliyekuja kuvunja nyumba. Mhariri wa picha ametoa vipande vinne tu. Hadithi nzima ameitoa mtazamaji kichwani mwake. Ukiikataa nadharia ya arketipu, utatueleza kwa njia gani zilikotoka habari zote hizo ambazo hazimo kwenye picha?

Ni jambo lilelile la ngano. Msimulizi akisema "fisi", hamwelezi mtu kwamba fisi ni mlafi. Anapita haraka, kwa sababu wasikilizaji wamemfanyia nusu ya kazi.

Naona pia kwamba wanaoilaumu nadharia hii kwa kuweka watu ndani ya masanduku hawajawatendea haki waasisi wake. Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi aliyeieneza dhana ya arketipu, alisisitiza kwamba arketipu ni umbo tu, haina maudhui yaliyokwisha kuamuliwa. Aliifananisha na mihimili ya fuwele, kama zile za chumvi: wakati maada ingali imeyeyuka kwenye kimiminika, mihimili hiyo huioni popote, lakini fuwele zikianza kujijenga hufuata mpangilio huo, moja ikiwa kubwa, nyingine ndogo, kila moja na sura yake. Sanduku haliko hivyo. Vladimir Propp wa Urusi, aliyechambua ngano 100 na kutoa kitabu chake mwaka 1928, naye hutajwa kama bwana wa masanduku 7: mhalifu, mfadhili, msaidizi, binti mfalme na baba yake, mtumaji, shujaa, na shujaa bandia. Lakini alichokigawa Propp ni vitendo. Alisema waziwazi kwamba mhusika mmoja anaweza kushika nafasi mbili au tatu, na nafasi moja inaweza kugawanywa kwa wahusika kadhaa. Mwanafunzi anayemwandikia kila mtu cheo kimoja ameisoma nusu ya kwanza ya somo.

Nusu ya pili ndiyo yenye utamu, na mfano wake mkubwa ni Dallas, tamthilia ya Marekani. Tarehe 21 Machi 1980, J.R. Ewing, mhalifu wa tamthilia hiyo, alipigwa risasi katika sehemu ya mwisho ya msimu, na mpigaji hakuonyeshwa. Kituo cha CBS kikaifanya tamthilia iuzwe kwa swali moja: nani alimpiga risasi J.R.? Jibu lilitoka tarehe 21 Novemba mwaka huohuo, miezi minane baadaye, na inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni 83 walitazama nchini Marekani pekee.

Milioni 83. Idadi hii hutajwa kama ushahidi wa nguvu ya fumbo, lakini fumbo peke yake halielezi. Jaribu kubadilisha mhanga. Weka mahali pa J.R. ndugu yake Bobby, ndugu mwema wa familia ile. Swali linabaki na maneno yaleyale, ila sasa linakuwa swali la msiba: ni katili gani huyo? Mtazamaji anamtafuta mtu mbaya mmoja. Aliyelala sakafuni akiwa mhalifu, swali linageuka. Kila aliyewahi kuonekana katika nyumba ile ana sababu: mke, ndugu, washindani wa biashara, shemeji. Sura ya J.R. kama mhalifu ndiyo iliyoligeuza swali dogo kuwa mlango ulio wazi kwa kila mtu. Tena alipoanguka, mhalifu yuleyule akawa mhanga, na watu wakakaa miezi minane wakitaka kujua kama mtu waliyemchukia atapona. Nafasi mbili, mwili mmoja. (Mpigaji alikuwa Kristin, mdogo wa mke wa J.R., ambaye pia alikuwa hawara yake: shemeji na mwanamke mtego kwa wakati mmoja.) Bila nadharia unaweza kusema tangazo lile lilisisimua. Ukiwa nayo unaweza kuonyesha ni kiungo gani, kikiondolewa, msisimko unakufa.

Kionjo cha tamthilia ndefu, kwa hiyo, husema na watu wawili kwa mdomo mmoja. Mgeni anapewa sura kongwe aishike: huyu ni mama, mwonee huruma. Mwenyeji, aliyekuwapo tangu miaka 10 iliyopita na anakumbuka mama huyo alivyoificha ile barua, anapewa sura ileile kama chambo: je, bado unamwamini? Ken Barlow akitokea kwenye kionjo kama mzee wa hekima, mgeni anaona mzee wa hekima. Mwenyeji anaona mzee wa hekima juu ya kijana mwenye haya na mume aliyekosa. Mfano ambao wapinzani wa nadharia huuleta kuiangusha ndio unaonieleza vizuri zaidi kwa nini inahitajika. Usipoitaja kwanza sura aliyovalishwa mhusika, huwezi kusema ni nini kinachoikwaruza.

Lawama moja inanigusa kuliko nyingine zote: kwamba sura hizi zimebeba dhuluma ya zamani, hasa kwa wanawake. Mwanamume anayetaka cheo huonyeshwa akipanda ngazi. Mwanamke anayetaka cheo hupewa midomo myekundu na muziki wa chini. Mwalimu anayefundisha arketipu bila kusema neno juu ya hilo anaweza kweli kuwa anawafundisha wanafunzi kuzoea chuki. Hili silipuuzi. Ila nadharia yenyewe ndiyo iliyowapa wahakiki pa kuanzia. Tania Modleski, akiandika mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuhusu tamthilia za mchana za Marekani, alimchukua mwanamke mbaya wa tamthilia, sura kongwe kabisa, akauliza anamfanyia nini mama anayetazama. Aliona kwamba tamthilia humtaka mtazamaji awe kama mama anayewaelewa wote na kuwasamehe wote, na kwamba mwanamke mbaya huibeba hasira ambayo mama huyo haruhusiwi kuwa nayo. Hufanya silaha ya mambo yaleyale yanayowafunga wanawake wengine, kama mimba. Ugunduzi huo haukuhitaji kuitupa arketipu. Ulihitaji kuitazama hadi ionyeshe inamtumikia nani.

Ningemwambia mwanafunzi, baada ya orodha yake, arudi kwenye kionjo kilekile mara mbili zaidi. Mara ya kwanza aizime sauti na kuandika sura anazoziona. Mara ya pili afumbe macho na kuandika sura anazozisikia. Orodha mbili zikilingana, kionjo hicho kinauza hadithi nyepesi na amekwisha kukimaliza. Zisipolingana, aanzie hapo kuandika. Katika kile cha pete na sinki, macho yalimwona mama akiitazama picha ya familia, tukamhesabu kuwa mama anayejua na kuumia. Sauti ikirudi, kuna mtu anasema kwa upole, "Usimwambie mtu," na ukirudisha nyuma taratibu unaona ni midomo ya mama huyo inayocheza.