Ramani ya tafiti za judo: inaona nini, inapitwa na nini?

Siku hizi kuna makala za kisayansi kuhusu judo ambazo hazimpimi mchezaji hata mmoja. Mtafiti huingia kwenye hifadhidata za machapisho ya kisayansi kama Scopus au Web of Science, huchukua kila chapisho linalotaja judo, kisha huiachia programu, mara nyingi VOSviewer iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, ichore ramani: nani kaandika na nani, nani humrejelea nani, mada zipi huandamana. Hutoka vidoti vya rangi, vikubwa kwa vidogo, vimeunganishwa kwa mistari. Mwalimu wa judo ana haki ya kuuliza vinamsaidia nini.

Vinasaidia. Tangu Kano Jigoro aanzishe judo Tokyo mwaka 1882, na hasa baada ya kuingia Olimpiki mwaka 1964, maandishi yake yametapakaa katika tiba, fiziolojia, saikolojia, elimu na historia. Mwanafunzi anayeanza utafiti hawezi kuyasoma yote. Ramani humwonyesha mapema kwamba Brazil ni ngome ya tafiti hizo, akiwamo mtafiti Emerson Franchini wa Chuo Kikuu cha São Paulo, na kwamba Poland nayo imo: kipimo maalumu cha stamina ya judo kilibuniwa na Stanisław Sterkowicz wa Kraków. Humwepusha pia kurudia kazi iliyokwisha fanywa na wengine.

Shida huanza pale ukubwa wa kidoti unapochukuliwa kuwa ndio uzito wa jambo.

Tazama suala la wachezaji kujikausha, yaani kupunguza uzito haraka, ili waingie kwenye kundi la uzito wa chini. Limeandikwa sana. Uchunguzi mmoja wa Brazil wa mwaka 2010 uliwahoji wachezaji zaidi ya 800, na walio wengi walikiri kuwahi kufanya hivyo. Watafiti hao walipendekeza wachezaji wapimwe uzito muda mfupi kabisa kabla ya pambano, ili anayejikausha akose muda wa kurudisha maji mwilini. Mwaka 2013 Shirikisho la Kimataifa la Judo likafanya karibu kinyume chake: wachezaji wakaanza kupimwa jioni ya kuamkia shindano, ingawa asubuhi baadhi yao hupimwa tena kwa kushtukizwa na hawaruhusiwi kuzidi kikomo kwa zaidi ya asilimia 5. Kwenye ramani mada hiyo inang'aa. Kwenye kanuni, ushauri wake mkuu haukufuatwa.

Sasa geukia Japani. Ryo Uchida, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Nagoya, alikusanya kumbukumbu za ajali zilizolipwa fidia shuleni na kukuta kwamba wanafunzi zaidi ya 100 walikuwa wamekufa katika judo tangu mwaka 1983, wengi kwa majeraha ya kichwa. Taarifa hiyo ilitikisa nchi, maana mwaka 2012 sanaa za mapigano za jadi zilikuwa zinafanywa somo la lazima katika shule za sekondari za chini. Lakini ilianza kusambaa kwa Kijapani, nje ya majarida ambayo hifadhidata kubwa huyahesabu. Mwaka 2013 jarida moja la Marekani la tiba ya michezo lilichapisha utafiti wa madaktari wa Kijapani kuhusu majeraha mabaya ya kichwa na shingo, ukiitaja osoto-gari, mtupo unaomwangusha mtu chali, kuwa chanzo kikubwa cha yale ya kichwa. Utafiti huo ramani inauona: ni kidoti kimoja miongoni mwa vile vya magoti na mabega, kikipimwa kwa idadi ya waliourejelea.

Watetezi wa ramani watasema dawa ni kuongeza vyanzo, kwa mfano J-STAGE, hifadhi ya majarida ya Kijapani. Kweli, na sioni kwa nini uchunguzi wa sanaa iliyozaliwa Japani ukubaliwe bila hatua hiyo. Hata hivyo kumbukumbu za fidia za shule si machapisho, hazitakaa kwenye hifadhidata yoyote ya aina hiyo. Ndiyo maana nakubali ramani imchagulie mwanafunzi pa kuanzia kusoma, lakini sikubali itumike kuamua fedha za utafiti ziende wapi, kama hitimisho za makala hizi zinavyopenda kudokeza zinapotaja "pengo". Kinachoitwa pengo huenda ni mahali ambapo watu wameandika kwa lugha nyingine, au ambapo hakuna aliyefungua majalada ya ajali.