Wimbo Unapotoa Ushahidi

Katika Zanzibar ya miaka ya 1920, mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alichukuliwa usiku na mwanamume aliyejulikana kwa jina la Kijiti, akarudishwa maiti. Kijiti akavuka bahari akakimbilia bara. Wanawake wawili waliokuwa wenyeji wa marehemu walifika mbele ya mahakama ya himaya ya Waingereza kueleza waliyoyajua, na adhabu ikawaangukia wao. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, akalitungia tukio hilo wimbo. Ndani yake anasimulia nani alimchukua nani, walielekea wapi, hakimu alikaaje kitini na aliwatolea mashahidi maneno gani. Siti alizaliwa Fumba karibu mwaka 1880, kwa wazazi wa asili ya utumwa, na aliuza vyungu kabla hajasifika kwa sauti yake, kwa hiyo wasikilizaji wa Ng'ambo, mtaa wa wanyonge mjini Zanzibar, hawakuhitaji kuelezwa kwa nini binti wa namna yake aliona haki imepinda. Hakumwagiza mtu kufanya lolote. Alichofanya ni kuiweka kesi mbele ya watu kama ilivyokuwa, na kesi hiyo haijafungwa mpaka leo, kwa maana mwimbaji Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa angali akiimba habari za Kijiti miongo kadhaa baada ya Siti kufa.

Naanza na wimbo huu kwa sababu mjadala wetu kuhusu muziki wa harakati umekwama kwenye swali moja, yaani kama muziki huo unachochea au unaelimisha, na swali lenyewe limeulizwa vibaya. Wanaouogopa muziki huu huuchukulia kana kwamba ni amri: msanii akisema viongozi wanakula nchi, basi amewatuma vijana barabarani. Baadhi ya wanaoupenda nao huuchukulia hivyo hivyo, wakidai kwamba wimbo ukipigwa vya kutosha serikali itaanguka. Pande zote mbili zinautwika mzigo usio wake. Wimbo wa Siti, na nyimbo nyingi nzuri zilizofuata njia yake, ni ushahidi, na ushahidi una vigezo vyake vya kupimwa.

Hata hivyo upande wa mamlaka una hoja nzito kuliko ile inayotolewa na maofisa wake, na inafaa isemwe kwa ukamilifu. Simon Bikindi alikuwa mwimbaji maarufu wa Rwanda, na nyimbo zake zilitumika katika kampeni ya chuki dhidi ya Watutsi. Anayesema kwamba muziki haujawahi kumdhuru mtu hajasoma historia ya jirani zetu. Lakini tutazame kwa makini kile ambacho Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyokaa hapa Arusha, ilimtia nacho hatiani Desemba 2008. Haikumpa kifungo cha miaka 15 kwa kutunga nyimbo, ingawa ilizichambua moja baada ya nyingine na kukiri kwamba zilitumika vibaya. Ilimfunga kwa sababu mwishoni mwa Juni 1994, katika barabara ya kati ya Kivumu na Kayove, alisema kwa kipaza sauti kilichofungwa kwenye gari, akiwahimiza watu kuwamaliza Watutsi waliobaki, na aliporudi akawauliza kama kazi hiyo wameifanya. Majaji walitenganisha, kwa ushahidi na kwa sababu zilizoandikwa, kati ya maneno yaliyoimbwa na amri iliyotolewa. Kama mahakama iliyobeba damu ya watu wengi kiasi kile iliweza kuwa na subira ya kutofautisha, ofisi inayosikiliza mashairi kuhusu rushwa na hospitali zisizo na dawa inashindwaje?

Zipo lawama nyingine, nami sitakaa nazo sana kwa kuwa nakubaliana na sehemu yake. Ni kweli kwamba wanasiasa huuteka muziki wa wanyonge. Mwaka 2002 nchini Kenya, wimbo 'Unbwogable' wa kundi la Gidi Gidi Maji Maji uligeuzwa kuwa sauti ya kampeni za NARC, muungano wa vyama vya upinzani, muungano huo ukashinda, na haikupita miaka miwili kabla kashfa ya Anglo Leasing, ya mikataba ya serikali na kampuni hewa, haijafichuka ndani ya serikali hiyo hiyo. Ni kweli pia kwamba msanii anaweza kubadilika. Franco, mwanamuziki wa Kongo aliyewahi kuonja jela enzi nchi hiyo ikiitwa Zaire, mwaka 1984 aliimba kumnadi Rais Mobutu. Professor Jay, msanii wa rap wa Tanzania, alitunga wimbo mwaka 2001 kuhusu mgombea anayeahidi yasiyowezekana, kisha mwaka 2015 yeye mwenyewe akaomba kura katika jimbo la Mikumi na kuwa mbunge, jambo ambalo wengine waliliona kuwa kujipinga, mimi nikaliona kuwa halali kabisa. Lakini shahidi akibadilisha maisha yake baadaye, alichokisema siku ile kinabaki kupimwa kwa ukweli wake. Wala kushinda au kushindwa kwa NARC hakufanyi malalamiko ya mwaka 2002 kuwa ya uongo.

Ugumu wa watu wengi wenye elimu, nadhani, ni kwamba wanazidai nyimbo kazi ya ripoti. Wanauliza takwimu ziko wapi, suluhisho liko wapi. Mwaka 1975 Kenya ilipata vyote viwili, ripoti na wimbo. J.M. Kariuki, mbunge aliyekuwa ameonya kwamba nchi inaelekea kuwa ya mamilionea kumi na ombaomba milioni kumi, aliuawa mwezi Machi mwaka huo na mwili wake ukakutwa Ngong. Bunge likaunda kamati teule ichunguze. Kabla ripoti haijawasilishwa, majina mawili ya watu walio karibu na Rais Jomo Kenyatta yaliondolewa. Mwanamuziki Joseph Kamaru naye aliimba kwa Kikuyu kumwombolezea J.M., na wimbo ukapigwa marufuku redioni. Sidai kwamba wimbo ulijua zaidi ya kamati, haukujua. Nasema kwamba ripoti ilikuwa mikononi mwa watu wenye uwezo wa kuipunguza, ilhali wimbo uliponunuliwa ulikuwa umeshaingia nyumbani kwa mtu, na hakuna aliyeweza kuufuata huko na kufuta mstari.

Hapa ndipo suala la tabaka linapoingia, na ndipo linaposahaulika. Mwenye mali anayeonewa na dola ana wakili, ana rafiki wizarani, ana mhariri anayepokea simu yake. Mchukuzi wa mizigo sokoni hana hata mmoja kati ya hao, na lalamiko lake likipata bahati ya kuandikwa hugeuzwa kuwa asilimia katika jedwali. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu nchini Kongo aliyefanya Dar es Salaam kuwa kwao, alijenga jina lake kwa kuimba jambo hilo hilo, kwamba mnyonge hana haki, bila kuhitaji kumtaja waziri yeyote. Mpaka leo kuna kituo Sinza ambapo konda hutangaza 'kwa Remmy' na abiria hushuka, wengine wakiwa vijana ambao hawakuwahi kumwona jukwaani. Viongozi wangapi wa zama zake wamebaki midomoni mwa watu kwa namna hiyo, pasipo kibao cha serikali?

Sasa nije kwenye tukio ambalo nimelifikiria kwa muda mrefu kuliko mengine yote. Machi 26, 2017, msanii wa rap wa Tanzania, Nay wa Mitego, alikamatwa kwa sababu ya wimbo wake 'Wapo', na Baraza la Sanaa la Taifa likaufungia. Siku iliyofuata waziri mwenye dhamana ya sanaa alitangaza kwamba Rais John Magufuli ameagiza msanii aachiwe na wimbo uendelee kupigwa, na tena amependekeza mashairi yaongezwe ili yawaguse wengine, wakiwemo wakwepa kodi. Watu wengi walishangilia, na furaha yao ilieleweka: mkubwa amesikia, mkubwa amecheka, kijana karudi kwao. Lakini tazama kilichofanyika. Wimbo uliofungiwa bila hakimu ulifunguliwa bila hakimu. Hakuna aliyeandika kosa lilikuwa nini, wala kwa nini lilikoma kuwa kosa ndani ya siku moja. Msanii wa pili aliyekuwa akiandika mashairi yake usiku ule hakupata kanuni ya kumwongoza. Alichojifunza ni kwamba usalama wake unategemea kama wimbo utampendeza mtu mmoja. Siku tisa baadaye, Aprili 5, msanii mwingine wa rap, Roma Mkatoliki, na wenzake walichukuliwa studio jijini Dar es Salaam na watu wasiojulikana, wakaonekana tena Aprili 8, naye akiwa na majeraha. Siunganishi matukio hayo mawili kwa mkono mmoja, kwa kuwa sina ushahidi wa kufanya hivyo. Ninachosema ni kwamba hisani ya tarehe 27 Machi haikumlinda mtu yeyote tarehe 5 Aprili, kwa sababu hisani humwangukia mtu na haigeuki kuwa haki ya wote.

Madhara yake makubwa hayaonekani mahakamani wala kwenye vichwa vya habari. Yanaonekana ndani ya chumba cha studio. Kijana yuko nyuma ya kioo cha chumba cha kurekodia, amevaa vipokea sauti, anachana beti ya pili. Prodyuza anasimamisha biti. Hamwambii kwamba mstari ni wa uongo, wala kwamba ni mbaya. Anamwambia jina hilo litoe, weka 'mkubwa fulani', kwa sababu mtangazaji hataupiga, na usipopigwa mwenye ukumbi hatakuita, na usipoitwa hela ya studio hairudi. Kijana anarudia. Mstari unaotoka safari hii una vina vilevile, ila haumgusi mtu. Baada ya miaka michache ya marekebisho madogo kama hayo, tunasikia wazee wakilalamika kwamba muziki wa siku hizi hauna ujumbe, ni mapenzi na pombe tu, nao hawajui kwamba ujumbe ulikuwepo mpaka saa nne ya usiku ule.

Kuhusu maadili, neno linalotumika mara nyingi zaidi kufungia nyimbo, nakiri kwamba kuna mashairi yanayowadhalilisha wanawake na kutukana wazazi wa watu, na kuyapinga si uonevu. Tatizo ni kwamba neno hilo hilo hutumika kwa wimbo wenye tusi na kwa wimbo wenye lalamiko, na msikilizaji hupewa tangazo moja kwa vyote viwili. Lugha ya mtaani ina ukali wake. Mtu aliyevunjiwa kibanda chake asubuhi hawezi kutakiwa aimbe jioni kwa lugha ya risala ya mgeni rasmi, na kumdai adabu hiyo kabla ya kumsikiliza ni kumtaka awe wa tabaka jingine kwanza.

Baraza la Sanaa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na sioni sababu ya kulivunja, kwa maana wasanii wanahitaji chombo cha kuwatetea na kuwaendeleza. Ninachotaka ni mpaka unaofahamika. Wimbo unaowaagiza watu kuwadhuru watu wengine upelekwe mahakamani ukiwa na mashairi yake yote, msanii awe na wakili, na hakimu aandike sababu za uamuzi wake kama walivyoandika majaji wa Arusha. Wimbo unaosema dawa hazipo, shamba limechukuliwa au fedha zimeliwa uachwe upigwe, na mwenye ofisi iliyotajwa ajibu kama dawa zipo.