Saa 75 zisizo na mwenyewe

Ikikaribia Oktoba, walimu wa vyuo vikuu tunaulizana kwenye korido: "Umeshaandaa kozi?" Anayejibu ndiyo, mara nyingi ana maana kwamba slaidi kazipitia, mwaka kaubadilisha kwenye jalada la muhtasari wa kozi, na majaribio mawili kayapangia wiki. Kwangu mimi hapo bado hatujaandaa kozi. Tumejihami tu tusije tukaaibika mbele ya darasa.

Tupige hesabu. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Kozi ya krediti 12 basi ni saa 120. Mhadhara wa saa mbili na semina ya saa moja, kwa wiki 15, ni saa 45. Zinabaki 75. Hizi ndizo nyingi, na ndizo ambazo muhtasari hauzisemi lolote, isipokuwa ile orodha ya vitabu ishirini ambavyo maktaba ina nakala mbili mbili, na moja hairuhusiwi kutoka mlangoni.

Mwanafunzi naye si mjinga. Akiona saa zake hazina kazi, anazipangia kazi mwenyewe. Anauza viatu vya mtumba mtandaoni, anasubiri boom, ile pesa ya kujikimu ya mkopo, na UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, ikibisha hodi anakwenda steshenari kununua mitihani iliyopita, imeshatolewa kopi na kubanwa pamoja kama kitabu. Simlaumu. Maswali tunayarudia wenyewe.

Chukua kozi ya fasihi simulizi. Mada ya kwanza haibadiliki: maana, sifa na dhima. Wiki mbili, au tatu mwalimu akinogewa, zinaliwa na "kwa mujibu wa". Fulani anasema hivi, ubora wake huu, udhaifu wake huu. Mwingine naye kasema vile. Mwishowe mwanafunzi anatoa fasili yake, ambayo ni zile zile tatu zimeunganishwa kwa "na". Haya aliyafanya kidato cha tano, na huenda aliyafanya vizuri zaidi, maana kule kulikuwa na fimbo.

Sasa zipange saa zake badala ya zako. Wiki ya kwanza hana kitabu, na wengine bado wako kwenye foleni ya usajili, lakini simu anayo. Mpe kazi hii: tafuta mtu mzima anayejua ngano, awe bibi yako, mama mwenye nyumba au mlinzi wa hosteli, umrekodi kwa ridhaa yake. Kisha uandike kila alichotamka kama alivyokitamka, na alipokohoa, na mtoto alipodakia. Dakika tano za sauti ukiziandika kwa uaminifu zinakula jioni nzima, rudisha nyuma, sikiliza tena, ongeza sauti. Hapo mtu kajisomea bila kuambiwa "kajisomeeni".

Semina inayofuata haihitaji slaidi. Mmoja ataeleza kwamba bibi alikataa katakata kusimulia mchana. Mwingine aliyepiga simu atasema msimulizi alitamka "Paukwa!" akanyamaza, akasubiri, na yeye hakujua kwamba ni zamu yake kusema "Pakawa!" Hapo ndipo pa kuingiza fanani (yaani msimulizi), hadhira na utendaji, maana dhana hizo tayari zina mahali pa kukaa. Fasili za wataalamu zisomwe wiki ya nne, mwanafunzi akiwa na rekodi ya kuwapingia.

Akili mnemba nayo? Insha ya dhima za fasihi simulizi inaiandika kabla hujamaliza kupiga mwayo, na ngano itabuni pia. Lakini muulize mwenye rekodi kwa nini msimulizi alirudia wimbo mara nne na safari ya tano akauacha njiani. Aliyekaa na ile sauti jioni nzima atakuwa na la kusema, hata kama amekosea.

Najua pingamizi. La kwanza, kwamba mtaala umepitishwa na Seneti, silipi uzito. Zilizopitishwa ni mada. Hakuna kikao kilichoamua kwamba mada ya kwanza imeze wiki tatu. La pili lina haki yake: darasa la watu 300. Hakuna mwalimu wa kusikiliza rekodi 300, na anayekuahidi hivyo hajawahi kusahihisha. Ninachopendekeza ni kila kundi la semina lichague rekodi mbili za kuchambuliwa mbele ya wote, na daftari za waliobaki zikaguliwe kwa kudokoa, bila taarifa.

Na lazima kazi hiyo iwe na alama, vinginevyo haifanywi. Vyuo vyetu vingi hugawa 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani wa mwisho. Katika hizo 40, chukua 15 za jaribio la pili uzihamishie kwenye rekodi na daftari. Idara ikisisitiza majaribio mawili ya maandishi, nenda ukambembeleze mkuu wa idara sasa hivi, kabla muhtasari haujatoka mikononi mwako. CR, kiongozi wa darasa, akishautupa kwenye kundi la WhatsApp, kuhamisha hata alama moja ni ugomvi.