Makala ya jinai ya kuboresha: ichukuliwe kubwa au mbegu?

Mdogo wangu anasoma sheria, juzi kaja hapa nyumbani Ngamiani, Tanga, na asaimenti ya darasa, kila mwanafunzi achague makala moja ya sheria ya jinai kwenye Wikipedia ya Kiswahili aiboreshe. Kaniuliza kaka, nichukue ipi? Tukakaa barazani mpaka adhana ya isha.

Yeye alitaka adhabu ya kifo na namuelewa kabisa, manake vyanzo vipo tele. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Tanzania kwenye kesi ya Mbushuu alisema adhabu hiyo inakwenda kinyume na Katiba, mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaona Katiba inairuhusu, halafu 2019 Mahakama ya Afrika pale Arusha ikasema kumfunga mikono jaji kwamba kila aliyetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia lazima apewe kifo tu, hiyo inavunja haki za binadamu. Hata historia ya huku kwetu imo, Abushiri, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani huku pwani, kanyongwa Pangani Desemba 1889. Na tuseme kweli, makala kubwa ndo watu wanazitafuta, nani atatafuta kitu ambacho hata jina lake halijui? Hiyo pointi nzito.

Lakini mada kubwa inamvuta mwanafunzi atoe maoni yake, wakati ensaiklopidia inataka useme nani aliamua nini, lini, basi. Na muda wa darasa ni mfupi, anaishia kupachika aya mbili juu ya kazi ya wenzake.

Sasa chukua makala ndogo, zile zinazobandikwa chini kwamba bado ni mbegu, yaani fupi na hazijakamilika. Nikamuuliza, jirani akichukua baiskeli yako hapo nje asubuhi bila kukuambia, akaenda nayo Makorora, jioni kairudisha, kaiba? Kajibu haraka, kaiba. Nikamwambia fungua Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 258 (Toleo la 2022). Kusoma akanyamaza, kumbe kuchukua peke yake hakutoshi, lazima kuwe na hila, mtu asiwe anadai kwa haki kwamba kitu ni chake, na awe na nia mojawapo kati ya zilizotajwa, kubwa ni ile ya kumnyima mwenye mali kitu chake kwa kudumu. Ukiingia ukatili au vitisho inakuwa unyang'anyi, ukiingia silaha ni miaka isiyopungua 30 jela. Mtaani zote tunaziita wizi, na mtu anaweza kusimama kizimbani hajui kashtakiwa kwa lipi kati ya hayo, hilo linaniuma sana.

Wenzake wengi wanataka kuchukua makala ya Kiingereza waitafsiri. Siwalaumu, nadharia ya tendo na nia, kwamba kosa linataka kitendo pamoja na nia mbaya, tumeirithi huko huko, Kanuni ya Adhabu yetu yenyewe ilianza enzi za Mwingereza, kwa hiyo mzizi unaweza kuutafsiri bila shida. Ila tawi, yaani vifungu vya kila nchi, hapana. Makala ya Kiingereza kuhusu wizi inaweza kukupeleka kwenye sheria ya Uingereza ya 1968, msomaji wa Handeni ataamini ndo sheria yake. Na Wikipedia ya Kiswahili si ya Watanzania peke yetu, Wakenya wana Kanuni ya Adhabu yao, Sura ya 63, kwa hiyo kila sentensi iseme inazungumzia nchi gani. Tena andika na toleo la sheria ulilosoma, manake Toleo la 2023 la sheria zetu limeanza kutumika Julai 2025 na kuna sheria ambazo vifungu vimehama namba, mtu akikagua na kitabu cha zamani ataona umekosea.

Kwa hiyo mimi naegemea makala ndogo, ila si ndogo ya kujificha. Chukua makala ambayo watu wanaitafuta, ndani yake chagua sehemu moja iliyo tupu uijaze vizuri, hukumu utazipata bure TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania.

Mdogo wangu kachukua wizi, sehemu ya nia tu. Jana usiku kanitumia rasimu kwenye simu, aya nne, mfano wa baiskeli umo, ila hajaweka chanzo hata kimoja. Nimemrudishia.