Tajiri wako ni bunge la jimbo

Barua ya kazi kutoka chuo kikuu cha jimbo huku Marekani ina mstari mmoja ambao watu wetu huupita haraka: mshahara ni wa miezi tisa. Unalipwa kuanzia katikati ya Agosti hadi katikati ya Mei. Miezi ya kiangazi utajijua mwenyewe, labda upate ruzuku ya utafiti, au uombe mapema mshahara ule ule ugawanywe ufike miezi kumi na miwili. Mimi sikujua. Nilifika Wisconsin mwezi wa Agosti na dola mia nne, na mshahara wa kwanza ukaingia Oktoba mosi. Mwezi na nusu nililala sebuleni kwa mama mmoja wa Kikongo aliyenisikia nikizungumza Kiswahili kwenye simu, tukiwa foleni dukani. Hakutaka hata senti.

Huu ni mwaka wangu wa tisa. Nafundisha takwimu. Mdogo wangu mmoja tuliyefundisha pamoja Kenya amepata barua kama yangu kutoka jimbo la jirani, akanitaka rai. Najua hayuko peke yake, ndiyo maana nayaandika na hapa.

Mazuri siyafichi. Nyumbani nilikuwa mhadhiri wa muda katika chuo kikuu cha umma, nikisahihisha karatasi mia tatu kwa muhula, na malipo ya muhula wa kwanza yalinifikia nikiwa nafundisha wa nne. Mama aliuza bangili zake nipate nauli ya kwenda kazini. Huku mshahara haujachelewa hata siku moja.

Na wanafunzi! Mwaka 1862 Marekani ilipitisha sheria ya kuyapa majimbo ardhi ili yafungue vyuo vya watoto wa wakulima na mafundi (ardhi ya wenyeji walionyang'anywa, na hilo lisisahauliwe). Watoto wa wakulima bado wanakuja. Muhula uliopita binti mmoja aliniletea kumbukumbu za ng'ombe wa babake: ng'ombe 140, kila mmoja na namba yake ya sikioni, na maziwa yake ya asubuhi na jioni kwa miaka miwili. Alikuwa ameamka saa kumi alfajiri kukamua kabla ya kuja darasani, mikono bado inanukia dawa ya kuoshea viwele. Tulikaa ofisini tukitafuta joto likifika wapi ndipo maziwa hupungua. Ulipotokea mchoro alinyamaza kidogo, akaupiga picha kwa simu, akamtumia babake palepale. Kwa ajili ya saa ile peke yake ningeisaini tena ile barua.

Lakini lazima ujue unamfanyia kazi nani. Tajiri wako ni bunge la jimbo. Ajira ya kudumu, ile unayoipata baada ya kama miaka sita ya kupimwa, tulikuwa tukiisikia kwa mbali tukidhani ni ngome. Hapa Wisconsin ilikuwa imeandikwa ndani ya sheria ya jimbo hadi 2015, bunge likaiondoa, ikabaki kanuni ya bodi ya vyuo. Agosti 2024 bodi hiyo ikapiga kura kuwaachisha kazi zaidi ya wahadhiri 30 wa chuo kikuu cha jimbo cha Milwaukee waliokuwa na ajira hiyo ya kudumu, kwa kuwa kitivo chao kilifungwa. Indiana, kwa sheria ya 2024, mwenye ajira ya kudumu anapimwa upya kila miaka mitano. Ohio, kwa sheria ya 2025, shahada ya kwanza inayotoa wahitimu wasiofika watano kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitatu, inatakiwa kufutwa. Ukifundisha lugha au falsafa, hesabu hiyo inakuhusu wewe.

Sheria hiyo ya Ohio ikawakataza pia wahadhiri kugoma. Mwaka ule ule wa 2025 wahadhiri wa Kenya waligoma siku 49 wakidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya 2017 hadi 2021, na serikali ikakubali kulipa kwa awamu mbili. Nilizifuatilia habari zile kwa simu usiku, na niseme kweli, niliwaonea wivu. Nyumbani ahadi hucheleweshwa miaka lakini una mdomo wa kuidai. Huku unalipwa kwa wakati, na siku wakiamua idara yako ife, mnaandikiana barua pepe za pole.

Baridi siizungumzii sana. Koti zuri hununuliwa.

Kisichonunuliwa ni masafa. Sisi Waislamu hatulazi maiti. Baba alifariki Mombasa alfajiri. Huku ilikuwa bado usiku wa jana yake, nasahihisha mitihani. Nilipofika uwanja wa ndege wa Chicago, ndugu zangu walikuwa wameshatoka makaburini Kikowani, wamenawa miguu ya udongo, wanapokea wageni. Hakuna likizo wala tiketi ingeniwahisha.

Mdogo wangu nimemwambia aende. Ana miaka 34, ana nguvu, na watoto wa vijijini huku watamfundisha naye. Ila kabla ya kusaini ausome muswada wa bajeti wa jimbo lile kwa makini kama alivyousoma ukurasa wa mshahara, na awaulize kwa maandishi nani atalipa ada ya viza, maana tangazo la rais la Septemba 2025 liliweka dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B, viza ya kazi, ya watu walio nje ya nchi. Awe na akiba ya miezi miwili. Na kazi yake ya Kenya asijiuzulu. Aombe likizo bila malipo, barua ya kumkubalia ipigwe muhuri, aiache kwa mamake.