Wao hukitoa kifuani, sisi tunamsifu mwenye kifua

Waingereza wana msemo wao, "get it off your chest". Maana yake ni kuliondoa jambo kifuani: kama kuna linalokukera, liseme upumue. Kwa haraka utasema ni kutoa dukuduku, na mkalimani yeyote ataridhika. Mimi sikuridhika, maana kwetu kifua kina kazi nyingine kabisa. Tukisema fulani ana kifua tunamsifu: ukimpa siri, inafia humo. Asiye na kifua hapewi neno. Yaani pale wenzetu wanapopafagia, sisi tunapatia komeo.

Miezi yangu ya kwanza huku Uingereza, mfanyakazi mwenzangu alinikuta nikisuuza kikombe, akaanza kunisimulia ugomvi wake na dada yake. Dakika kumi nzima, na machozi kidogo, hadi kikombe kikanikaukia mkononi. Alipomaliza alishusha pumzi, akanishukuru, akasema sasa amekitoa kifuani, akarudi mezani kwake anapiga mluzi. Usiku ule mimi sikulala vizuri. Kesho yake nikamuuliza kwa sauti ya chini, vipi dada yako? Akanitazama kama nimemdai deni. Kwake lilikwisha. Mimi nilidhani nimekabidhiwa amana.

Hapo ndipo naona msemo wao una pengo: unasema mzigo unatoka wapi, hausemi unatua kwa nani. Wala si kila kutema nyongo ni kupoa. Mwaka 2002 mwanasaikolojia wa Marekani, Brad Bushman, alichapisha jaribio alilowafanyia wanafunzi 600 walioudhiwa makusudi. Waliopiga begi la ngumi huku wakimfikiria aliyewaudhi ndio waliobaki na hasira zaidi, kuliko hata waliokaa tu kimya. Kupiga begi si kuzungumza, najua. Ila nimewaona wengi huku wanaosimulia kero ileile kila wiki, na kila wiki inazidi kunona.

Lakini nisitupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kifua chetu nacho hugeuka ghala la vinyongo. Babu alipougua, nyumbani walinificha mpaka alipofariki, eti nisihangaike na niko mbali. Nikajibu sawa. Nikakaa na fundo hilo miaka mitatu, nikipiga simu kila Jumapili kwa sauti ya mtu asiye na neno na mtu.

Mwezi uliopita nikasema acha nijaribu ya Waingereza. Nikampigia shangazi, nikazunguka weee, mwisho nikamwambia: shangazi, lile jambo la babu liliniuma sana.

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Nilijua, mwanangu," akasema. "Siku ile uliitikia sawa mara mbili."