Kukata chujio la moshi si kutengeneza lori

Taa ya DPF, yaani chujio linalonasa masizi ya moshi wa dizeli, ikiwaka kwenye dashibodi ya lori, gereji nyingi siku hizi zina jibu moja: shusha silensa, toboa kauri ya chujio iliyo ndani yote itoke, chomelea, kisha mwite mtu wa kompyuta afute chujio kwenye programu. Lori linatoka jioni hiyo hiyo, linavuta, tajiri anafurahi. Mimi ni fundi na kazi hiyo siifanyi.

Hizi Scania, DAF na Actros za Euro 6 (kiwango cha Ulaya cha kudhibiti moshi) tunazoletewa zikiwa zimetumika Ulaya zina bonge la kauri lenye maelfu ya vitundu vyembamba. Kitundu kimoja kimezibwa mbele, jirani yake kimezibwa nyuma, kwa hiyo moshi hauna njia ila kupenya ukutani na kuacha masizi. Lori likipanda mlima Kitonga na mzigo, egzosi inapata joto na masizi yanaungua bila dereva kujua. Joto lisipotosha, kompyuta inaongeza dizeli kidogo mpaka lifike karibu nyuzi 600.

Masizi yanaungua, majivu hayaungui. Majivu yanatokana na oili ya injini, zile kalsiamu, zinki na magnesi zilizochanganywa humo, nayo hujikusanya polepole. Lori la safari ndefu lenye injini nzima na oili sahihi hutembea kilomita laki kadhaa kabla ya majivu kudai chujio lifunguliwe. Kwa hiyo chujio likiziba kila baada ya muda mfupi, tatizo liko kwingine: nozeli inavujisha dizeli, turbo inapitisha oili, sensa ya presha inadanganya, au gari limeunguruma usiku kucha kwenye foleni ya mpakani Tunduma bila egzosi kupata joto. Ukikata chujio, nozeli bado inavuja. Dizeli inaendelea kuosha oili kwenye kuta za silinda, na taa ambayo ingekuonya umeizima mwenyewe. Tajiri anayedhani ameokoa pesa atakuja kulipia pistoni na ringi.

Kuna wengine hawakati, wanaosha. Wanalisimamisha chujio karwoshi na kulipiga maji ya presha, wengine wanatia petroli au magadi makali. Majivu yakilowa yanakuwa tope, na likikauka ndani linashika kama saruji. Presha inapasua kauri na kung'oa ule utando wa platinamu unaosaidia masizi kuungua. Mashine maalumu za kuosha kwa maji zipo, zenye dawa yake na ukaushaji wake, lakini mpira wa karwoshi si mojawapo.

Usafishaji wenyewe unaanzia kwenye mizani. Chujio linapimwa uzito, kisha linapulizwa hewa kavu kutoka upande wa kutokea moshi kwenda upande wa kuingilia, ndani ya kabati lililofungwa. Masizi yakiwa yameganda, linaingia kwenye tanuri linalopanda joto taratibu na kupoa taratibu kwa saa nyingi, maana kauri iliyoshtushwa na joto hupasuka. Linapulizwa tena, linapimwa tena. Mwisho, kompyuta inaambiwa kwamba majivu yametolewa, la sivyo itaendelea kuhesabu yale ya zamani. Na wanagereji, msimpulizie kijana wa kujifunza kazi vumbi lile uani. Ni laini mno, linaingia mapafuni. Barakoa nzuri na kabati ni sehemu ya kazi.

Wenzangu hunijibu kwamba mafuta yetu ndiyo mabaya. Ni kweli kwa kiasi. Mwaka 2015 Afrika Mashariki iliweka kiwango cha salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, wakati Ulaya ni 10, na salfa hudhoofisha ule utando. Lakini hiyo ni sababu ya kufupisha muda wa ukaguzi, kutumia oili yenye majivu machache, na kuacha kununua dizeli ya madumu iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa. Sababu ya kutoboa siioni.

Mwaka 2012 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka. Moshi huo unavutwa na utingo anayelala chini ya trela, na mama lishe anayepika hatua chache kutoka malori yanapoegeshwa, kutwa nzima. Hao hawakuulizwa chujio lilipokatwa.

Mwenye lori, ukipeleka chujio kusafishwa, dai uandikiwe uzito wa kabla na wa baada, na uonyeshwe matokeo ya kupima nozeli na turbo. Gereji isiyo na mizani, chukua chujio lako upeleke penye mizani.